Kila Siku Nane, Nusu

Mke wangu alimeza dawa ile mwezi wa tano, baridi ya Mbeya ikiwa ndiyo inaanza kushika. Mimi sikumwona akiimeza. Tulikuwa Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa, na mlango wa chumba kile ulikuwa na alama ya njano ambayo mlinzi aliniambia nisiipite. Alikaa humo muda mfupi kuliko ninaotumia kupachika vifungo vya shati moja. Alipotoka alikuwa anacheka.

"Kidonge kimoja tu, fundi," aliniambia. "Kama cha malaria. Kimetolewa kwenye kopo zito la madini ya risasi, na kijana aliyenipa kavaa glovu, kavaa koti, kasimama huko mbali. Yaani yeye anakiogopa, halafu mimi ndiyo nimeze."

Aliniita fundi tangu tulipooana. Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Mwanjelwa, Mbeya, na nimesoma hadi darasa la saba. Hesabu ninazozijua vizuri ni zile za utepe wa kupimia.

Ugonjwa wake ulikuwa rovu. Kwao Iringa, kwenye milima ya karibu na Tosamaganga, rovu halikuwa jambo la kushangaza zamani. Bibi yake alikuwa nalo, mama yake pia, mpaka ilipokuja chumvi iliyotiwa madini joto. La kwake lilikuja ukubwani na lilikuwa la aina nyingine. Shingo haikuvimba sana, lakini moyo wake ulikimbia hata akiwa amekaa. Alikula sana na akakonda. Mikono ilitetemeka hivi kwamba alishindwa kutia uzi kwenye sindano, kazi ambayo alinisaidia miaka yote macho yangu yalipoanza kuchoka. Daktari wa Mbeya alisema tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi na moyo umeanza kuchoka. Akatuandikia barua ya kwenda Dar es Salaam.

Wakati yeye yuko ndani, mimi nilimuuliza mtaalamu mmoja aliyepita kwenye korido. Alikuwa kijana mpole. Akaniambia dawa ile ni madini joto, ndugu yake na yale ya kwenye chumvi, ila haya yana mionzi. Tezi huyavuta kwa sababu ndiyo chakula chake, na yakishaingia humo huichoma kutoka ndani.

"Na yanaisha lini?" nikamuuliza.

"Kila siku nane inabaki nusu, baba. Siku nane nyingine, nusu ya hiyo nusu. Inaenda hivyo hivyo."

"Mpaka inaisha."

"Kuisha kabisa kabisa, kwa hesabu, haiishi. Lakini haina shida. Fuateni karatasi."

Nataka niliweke hili wazi. Nilisikia aliposema haina shida. Sitakuja kusema korido ilikuwa na kelele au kijana alisema kwa sauti ndogo. Nilisikia, na nilichobeba mpaka Mbeya ni ile haiishi.

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Alale peke yake. Awe na sahani na kikombe chake. Chooni amwage maji mara mbili. Asikae karibu na wajawazito wala watoto wadogo kwa wiki tatu. Tulikaa siku nne kwenye nyumba ya wageni, vyumba viwili, kama tulivyoelekezwa, ndipo tukapanda basi la kurudi.

Nyumbani nilipanga mambo haraka kuliko nilivyotarajia. Yeye alichukua chumba, mimi nikahamia sebuleni. Kikombe chake nilikifunga uzi mwekundu kwenye mkono. Kiti chake nilikiweka uani, ukutani panapopiga jua la asubuhi, na changu nikakiweka hatua nne kutoka hapo. Akitaka kuingia jikoni wakati mimi nimo, agonge kijiko kwenye mwimo wa mlango ili nitoke kwanza. Hilo la kijiko halikuwa kwenye karatasi. Nililitoa kwetu.

Mimi ni Mnyakyusa. Mama yangu hakuwahi kukutana uso kwa uso na babu yangu, baba wa baba yangu, tangu siku aliyoolewa. Akisikia kikohozi cha mzee njiani, anaingia migombani na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Sisi watoto tulitangulia mbele kama askari, tukipiga kelele, "Babu anakuja!" Hakuna aliyeona ni ukatili. Ilikuwa heshima, na babu yangu alimpenda sana mama yangu, alimtumia maziwa kila wiki, na alikufa bila kuujua uso wake. Nimekua nikijua namna ya kuishi na mtu nyumba moja bila kumkaribia. Kwa hiyo mambo ya karatasi ile hayakunisumbua kama yangemsumbua mwingine.

Mke wangu ni Mhehe. Yeye yalimsumbua.

"Nyie Wanyakyusa mmesomea kukwepana," alisema siku ya tatu au ya nne, kijiko mkononi. "Mimi ni mkeo, siyo mkamwana wako. Nikigonga hapa nasikia aibu, kama nimekuja kuomba moto."

"Gonga tu, mama. Ni siku chache."

"Nagonga. Lakini usinizoee. Siku nikichoka nitakukumbatia hapo hapo ulipo, tuungue wote."

Tukacheka. Siku hizo bado tulicheka.

Kwenye msumari wa ukuta wa sebule nilitundika ukanda wa kitambaa chekundu wa mita moja kamili. Nilitaka kuiona ile nusu kwa macho. Siku ya nane niliukunja mara mbili, nikaukata, nikatundika uliobaki. Siku ya kumi na sita nikafanya hivyo tena. Mke wangu aliniangalia kutoka mlangoni akasema, "Sasa ndiyo nini, unanishonea sketi?" Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, maana alikuwa mtu wa kusikiliza akiona jambo lina maana. Kisha akasema, "Kwa hiyo wiki tatu zikiisha kutakuwa kumebaki kidogo." Nikasema ndiyo, kidogo.

Binti yetu, mtoto wetu pekee, alijifungua siku ya kumi na mbili baada ya kidonge. Alijifungulia hospitali ya Tosamaganga, mtoto wa kike, na siku mbili baadaye alirudi nyumbani kwa mumewe, Mlandege, mjini Iringa. Kabla ya huyo aliwahi kupoteza mimba mbili. Ya pili ilikuwa imefikisha miezi saba na mtoto alilia mara moja. Mke wangu ndiye aliyempokea huyo, na ndiye aliyemfunga kwenye khanga. Kwa hiyo simu ilipokuja kwamba wa tatu ni mzima, ana kilo tatu na ananyonya, mke wangu aliketi chini pale uani, kwenye saruji, akalia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, hatua nne.

Mipango ilikuwa aende. Bibi ndiye anayemwogesha mtoto, anayemkanda mzazi kwa maji ya moto, anayempikia uji. Mfuko ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa nne. Ndani yake kulikuwa na mbeleko niliyoishona mwenyewe kwa kitambaa kizito chenye maua ya zambarau. Wiki tatu zikitimia, mtoto angekuwa na siku tisa tu. Hapakuwa na kilichoharibika.

Wiki tatu zilitimia siku ya Jumapili. Alitoka kanisani, akagonga kijiko, akasema kutoka nje ya mlango, "Fundi, kesho naenda Iringa."

Nilitazama msumari. Palikuwa na robo mita ya kitambaa. Robo mita si kitu kidogo kwa fundi. Inatoa kola, inatoa mfuko, na kipande kinabaki.

"Bado," nikasema.

"Karatasi inasema wiki tatu."

"Karatasi ni ya watu wote. Mimi nimemuuliza mtaalamu mwenyewe. Kasema haiishi."

"Kasema haiishi kabisa? Basi nisiende mpaka nife?"

"Tungoje ipungue zaidi."

Alinijibu maneno makali, na alikuwa na haki. Alisema mimi sijawahi kusoma hata karatasi ya dawa ya kikohozi mpaka mwisho, leo nimekuwa daktari. Alisema atapanda basi la alfajiri na mimi nibaki na kitambaa changu. Alikuwa tayari ameshaingia chumbani kuchukua mfuko. Ndipo nikasema jambo ambalo ningependa mtu mwingine yeyote awe ndiye aliyelisema.

Nilisema, "Na huyu naye akifa mikononi mwako?"

Nilisikia mfuko ukiwekwa chini. Hakuzungumzia tena kusafiri kesho wala keshokutwa. Aliuliza tu, kila baada ya siku kadhaa, akiwa kwenye kiti chake cha ukutani, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. "Imebaki ngapi?" Nami namwambia. Nusu ya robo. Nusu ya hiyo. Urefu wa kidole gumba.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilimwogopea mtoto, hilo ni kweli. Lakini nilijiogopea na mimi. Nilikuwa nimezoea hatua zangu nne na nilijiona salama humo. Na kuna kitu kingine ambacho ni kigumu kukiandika. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa najua jambo kubwa ambalo wenzangu hawalijui, na lile jambo lilikuwa limetundikwa ukutani kwangu, na mimi ndiye niliyeshika mkasi.

Binti yetu alipiga simu karibu kila siku. Mama yake alimwomba aweke simu karibu na mdomo wa mtoto, akawa anasikiliza anavyopumua. "Ana pua ya kwetu huyu," alisema, "anakoroma kama dada yangu mkubwa." Lakini ikifika kwenye swali la utakuja lini, alinipa simu mimi. Aliiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa katikati yetu, akarudi nyuma, nami nikaichukua.

"Hospitali wamesema bado," nilimwambia binti yangu.

"Mpaka lini, baba?"

"Watatuambia."

"Basi nije mimi. Mume wangu atanileta na gari."

"Usije. Usije kabisa. Wamekataza."

Hakuna hospitali iliyokuwa imesema. Mke wangu alikuwa anasikia kila neno na hakunipinga. Alikuwa anaangalia ukuta.

Kimya kile binti yetu alikipa maana yake mwenyewe, na mimi sikujua. Mumewe ni Mwislamu, muuza vitambaa, mtoto wa watu ambao babu yao alitoka pwani. Wakati wa ndoa ile mke wangu alilia siku mbili, maana alilelewa misheni na hakuwaza mjukuu wake asibatizwe. Siku ya tatu akanawa uso, akasema yule kijana ana adabu kuliko wote waliowahi kuja pale, yakaisha. Ila hakuwahi kumwambia binti yake kwamba yameisha. Alidhani inaonekana.

Siku ya sitini na nne nilikata mara ya nane. Kilichobaki kilikuwa kama punje ya mchele. Sikuweza tena kukitundika, nikakibandika ukutani kwa gundi. Yeye alikuja mlangoni akakodoa macho. "Sikioni," alisema. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Aa." Akaenda zake.

Alifariki siku ya sitini na saba, saa tatu asubuhi, kwenye kiti chake juani. Ulikuwa moyo. Daktari baadaye alisema moyo ulikuwa umechoka tangu zamani, na dawa ile huchukua miezi kutuliza tezi. Alikuwa anachambua maharage. Sinia likaanguka. Nikageuka, nikaona amelala upande, mkono mmoja umeshika kifua. Nilisimama. Nilisimama pale kwenye hatua yangu ya nne kama mtu aliyefungwa kamba. Haikuwa muda mrefu. Labda ni muda wa kuvuta pumzi mara mbili au tatu. Kisha nilikimbia nikamshika, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumshika tangu mwezi wa tano. Sijui kama alijua.

Ndugu zake walikuja kutoka Iringa. Binti yetu alikuja na mumewe na mtoto wao wa siku hamsini na sita. Katika ukoo wa mke wangu, mjukuu mchanga hupitishwa juu ya jeneza la bibi yake kabla halijafungwa, shangazi mmoja upande huu na mwingine upande ule wakipokezana, ili bibi amuage mtoto na asimrudie kumtafuta. Dada mkubwa wa mke wangu alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Na mimi nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo sina kawaida nayo:

"Hapana. Asisogezwe. Daktari amekataza."

Watu walirudi nyuma. Nawakumbuka wanawake wanne wa jirani walioosha mwili wake alfajiri ile. Walitazama mikono yao. Binti yangu alimkumbatia mtoto, akamgeuza uso, akatoka nje ya turubai. Jeneza likafungwa.

Baada ya matanga nilibaki peke yangu. Kitambaa cha ukutani nilikibandua kwa ukucha, lakini siku nane haziondoki. Naamka asubuhi fulani nikiwa na uzito, nahesabu nyuma, nakuta ni siku ya kukata. Kijiko nilikisikia. Sitasema ni mzimu, mimi si mtu wa mambo hayo. Nasema niko jikoni, mchana mweupe, redio ya jirani inaimba, na nasikia kijiko kikigonga mwimo mara mbili, taratibu, kwa adabu, na miguu yangu inaanza kutoka ili kumpisha. Nafika mpaka uani ndipo nakumbuka. Na pale uani kiti kiko ukutani. Nimejaribu kukiondoa. Nikikiondoa, nahisi yeye amekosa pa kukaa, na ninampita amesimama.

Mwaka wa tatu alikuja mteja, mwalimu wa kike wa sekondari, na vitenge vya kushona gauni la sherehe ya kumuaga bibi harusi. Alikuwa mcheshi. Wakati nampima nilimuuliza anafundisha nini, akasema fizikia. Mikono yangu ilisimama kwenye bega lake.

"Mwalimu, kuna kitu kinapungua nusu kila siku nane. Kinaisha lini?"

"He! Fundi anajua nusu ya uhai ya madini joto! Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wananitolea macho." Akachukua chaki yangu, akaanza kuandika juu ya meza ya kukatia. Alikuwa anafurahi kabisa. "Kila elementi na muda wake. Kuna kobalti, hii ya kutibu saratani, nusu yake ni miaka mitano na kidogo. Umeshaona mafundi wa barabara huku njia ya Iringa, wana kile kisanduku cha njano wanakiweka chini kupima kama udongo umeshindiliwa? Mle kuna elementi inaitwa sizi, nusu yake miaka thelathini. Kuna kaboni ya kupimia umri wa mifupa, hiyo ni miaka zaidi ya elfu tano."

"Na wanaobeba kisanduku hawafi?"

"Kimefungwa vizuri, na wanafuata utaratibu. Mzee, mionzi siyo uchawi. Wewe Mnyakyusa?"

"Ndiyo."

"Basi umeila tangu utoto. Ndizi zina potasiamu, na kidogo ya potasiamu hiyo ina mionzi. Nusu yake ni zaidi ya miaka bilioni moja. Ulishaona Tukuyu wanawakataza watoto ndizi?" Akacheka sana.

Nikamuuliza lile nililotaka. Mtu kameza dawa ya tezi. Siku ya sitini. Mtoto mchanga.

"Siku ya sitini?" Akaandika. "Mwili wenyewe unaitoa kwa mkojo, kwa hiyo inapungua haraka hata kuliko nusu za kalenda. Ndiyo maana wanakupa wiki mbili, tatu, basi. Siku ya sitini angemlaza kifuani usiku kucha. Kwenye karatasi haifiki sifuri, sawa, lakini hata deni la chumvi kwa jirani halifiki sifuri." Kisha akaniangalia. "Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna tena."

Gauni lake nililikosea. Nilikata mkono mmoja mfupi kwa vidole viwili, kosa ambalo sijawahi kulifanya tangu nianze kazi, na ilibidi nitafute kitenge kama kile soko zima.

Ningependa kusema nilipanda basi siku ile ile. Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Binti yangu alikuwa ananipigia, ananiuliza hali, ananitumia picha za mtoto anayekua. Alikuwa mwema kwangu. Juu ya mama yake hakusema chochote. Nikimtaja, alisema, "Mungu amrehemu," akabadilisha maneno. Nilidhani ni huzuni. Siku moja kwenye simu mtoto aliuliza kwa nyuma, "Bibi wa Mbeya yuko wapi?" nikasikia binti yangu akimjibu, bila hasira, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta, "Alikufa. Yule hakutaka kutuona." Nikaelewa kwamba mke wangu alikuwa amezikwa mara mbili, na mara ya pili nilimzika mimi.

Nilifika Mlandege Jumamosi, mchana. Mkwe wangu alikuwa dukani. Mtoto alikuwa kwa majirani. Binti yangu alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo, akaniambia nikae, akasema nimekonda, akasema atanipikia pilau. Sikukaa.

"Mama yako alitaka kuja," nikasema.

Aliendelea kuchambua.

"Hospitali walisema wiki tatu. Karatasi ninayo hapa. Zilipokwisha, mtoto wako alikuwa na siku tisa. Alifunga mfuko. Mimi ndiye niliyemzuia. Kwenye simu nilikudanganya, na msibani nilidanganya watu wote. Daktari hakukataza kitu."

Vidole vyake vilisimama juu ya mchele. Alichukua karatasi, akaisoma yote, na nyuma pia, ambako hakuna kitu.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nusu, na nusu ya nusu, kitambaa, msumari. Nikamwambia na lile nililomwambia mama yake, kuhusu mtoto kufa mikononi mwake. Hilo nilikuwa nimepanga kwenye basi nisilitaje. Lakini ningeliacha, yote mengine yangekuwa uongo.

"Alikuomba mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nahesabu kitu kingine."

"Miaka minne, baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka minne nasema ni kwa sababu ya dini. Nimemwambia mume wangu hivyo. Nimewaambia wakwe zangu, mama yangu alikufa amenuna kwa sababu yenu. Wameniomba msamaha, unajua? Mama mkwe wangu aliniomba msamaha hapa hapa, amepiga magoti, kwa kosa ambalo hana."

Nilitazama mchele kwenye ungo.

"Mimi msibani hata sikumwangalia vizuri," alisema. "Nilikuwa na hasira. Nikasema, kama hakutaka kutuona akiwa mzima, mimi nimwangalie wa nini."

Alilia, na mimi nilitaka kumkaribia. Nilipiga hatua moja akainua kiganja, nikabaki nilipo. Alijifuta uso na ncha ya khanga. Akatafuta simu yake juu ya kabati, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Ilikuwa inamwita mama yake mkubwa, dada wa marehemu, yule aliyenyoosha mikono msibani. Anaishi kijijini kwao, si mbali na Tosamaganga, na simu yake hupokelewa na nyumba nzima.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Mtoto mzima? Mbona sauti hivyo?"

"Mzima. Mama mkubwa, mama alitaka kuja kwangu. Alitaka kumwona mtoto. Alizuiliwa."

"Nani kamzuia?"

Binti yangu aliweka simu juu ya ungo, juu ya mchele, katikati yetu.

"Yuko hapa," alisema. "Sema, baba."

Niliinama. Nikamwamkia shemeji yangu, nikasema yote, kifupi, kwa sababu yalikuwa yameshajifunza njia ya kutoka. Nilipomaliza nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akikatwa maneno asiongee.

"Shemeji," alisema.

"Naam."

"Ngoja kwanza. Ngoja niwaite hawa walioko shambani, waje wote. Walikuwepo msibani." Nikamsikia akiita majina, moja moja, na miguu ikija, na benchi likiburutwa. Binti yangu hakunitazama. Alikuwa amerudia kuchambua, polepole, kuizunguka simu.

"Haya, wamefika," alisema shemeji yangu. "Anza tangu mwanzo. Na useme kwa sauti."

Nikaanza tangu mwanzo.